Gauni la Mwenyekiti wa Makuzini

Waliofika Makuzini ni wengi. Waliotoka ni wachache, na hao wachache hawana mazoea ya kusimulia, maana wakirudi kwao hukuta watu wana mambo yao. Hii ni habari ya mmoja aliyetoka, nami nimeipokea kutoka kwa mtu asiyependa chumvi hata kwenye mchuzi.

Mwenyewe ni Bi Siwema, fundi cherehani wa Muheza, mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Alikuwa ameshona sare za shule na magauni ya maharusi kwa miaka thelathini bila kumruhusu kiumbe yeyote ashike sindano yake. Mdogo wake, Mwanahija, aliwahi kuja kujifunza kazi. Alishona mshono mmoja, ukapinda, akafukuzwa siku hiyohiyo kabla ya chai. Tangu hapo Siwema alifanya kazi peke yake, akala peke yake, na alipopata saratani ya titi akaugua peke yake. Kila safari ya hospitali alimwambia Mwanahija kwamba anakwenda kununua vitambaa. Mwanahija alijiuliza ni vitambaa gani hivyo vinavyofuatwa kila baada ya wiki tatu, mtu akarudi mikono mitupu, amekonda, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Lakini alimjua dada yake, akanyamaza.

Siku ya dripu ya tatu muuguzi alimwandikia tarehe ya dripu ya nne: siku ya ishirini na moja, na asikose. Karibu na mlango alikuwapo mama mmoja aliyekuja kutembelea wagonjwa asiowajua. Alimshika Siwema begani, akamwambia, "Usihuzunike, mama. Ugonjwa huu ni zawadi. Utakukuza." Siwema alitafuta jibu la adabu, akalikosa, akatokea mlango wa kwanza aliouona. Huo ndio mlango wa kuingilia Makuzini. Wengi hupitia hapohapo.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba watu wa nchi ile wote ni warefu na wote wanayumba. Alipotazama chini akajua sababu. Walikuwa wamevaa mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kizamani, ila hivi vilikuwa vimeongezwa mbao juu ya mbao, vingine vinene kama tofali. Wakikutana njiani mmoja huuliza, "Umekua?" Mwenzake hujibu, "Nazidi kukua," kisha wote wawili hushikana wasianguke. Duka lenye foleni kubwa kuliko yote lilikuwa la fundi wa kuunga viungo.

Alipelekwa kwa Karani wa Vimo, Bwana Shibiri, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni. Karani akamsimamisha pekupeku kwenye mwimo wa mlango, kama mzazi anavyompima mtoto, akachora hapo mwimoni mstari wa mkaa usawa wa kilemba chake.

"Umepokea Zawadi lini?" aliuliza.

"Zawadi gani?"

"Hiyo uliyo nayo kifuani."

"Hii ni saratani, baba."

Bwana Shibiri alikwenda kufunga dirisha, akarudi. "Neno hilo hapa hatulitaji, linapunguza watu kimo," alisema kwa upole. Kisha akamweleza sheria. Kila aliyepatwa na Zawadi ni lazima akue. Hukua kwa kupata funzo, akalileta mbele ya Baraza. Baraza likilipokea, fundi humwongezea ubao mmoja wa unene wa kidole chini ya mtalawanda. Mwenye kufikisha vidole vinne hupewa cheti cha kukua, naye ana ruhusa ya kurudi kwao.

"Mimi nina siku ishirini na moja tu," alisema Siwema. "Siku hiyo nina dripu. Nikiikosa, uvimbe utarudi."

"Ishirini na moja ni nyingi mno. Tuna bwana mmoja alikua njiani akija."

Siwema aliogopa, na hofu yake haikuwa na mafumbo. Alitaka kuishi. Alitoa chaki yake ya ufundi, akachora mstari wa kwanza ndani ya mkoba, na kila siku akaongeza mwingine.

Bwenini jirani yake wa kitanda alikuwa Mwalimu Mnzava, mstaafu wa hesabu kutoka Same, aliyekaa Makuzini miezi kumi na mmoja akiwa na kimo kilekile alichokuja nacho. Mafunzo alikuwa amepeleka matatu. La kwanza, kwamba uji wa hospitali hauna sukari. La pili, kwamba benchi la kungojea majibu ni gumu kuliko majibu. La tatu lilihusu paka wa wodini na kipande cha samaki. Yote yalikataliwa kwa kosa la kuwa kweli tupu.

"Sasa yanayokubaliwa ni yapi?" aliuliza Siwema.

"Wiki jana jamaa mmoja alisema Zawadi imemfundisha kuusikiliza umande. Akapewa vidole viwili papo hapo."

"Maana yake nini?"

"Hapana aliyejua. Ndiyo maana hapana aliyepinga."

Kulia hakukukatazwa Makuzini, ila kuliwekewa utaratibu. Kila mtaa ulikuwa na Karani wa Machozi mwenye kijitabu. Mtu akianza kulia, karani hukaribia, hukohoa kidogo, na kabla machozi hayajakauka mwenye kulia hana budi kutaja funzo alilolipata. Asiyetaja hupunguzwa kidole kimoja, cha mbao, si cha mkono. Na aliyeanguka kutoka juu ya mitalawanda yake hakuandikwa kuwa ameanguka. Daftari lilisema amekua kwa upande.

Siku ya nne Mwalimu alimpeleka kuona mlango wa kutokea. Ulikuwa mfupi. Waliouweka walikuwa wahenga wa nchi ile kabla ya mambo ya mbao, na kizingiti chake cha juu kilimfika Siwema kwenye nyusi. Askari mzee alikaa pembeni akidai vyeti. Siwema alitazama mlango, akatazama warefu waliokuwa wakipita, akaipata hesabu mwenyewe.

"Wenye vyeti hawaenei hapa."

"Hawaenei."

"Si wavue viatu?"

"Kushuka ni kosa."

"Basi wainame."

"Sheria ya tisa: aliyekua hainami." Mwalimu alikaa juu ya jiwe apumue, maana saratani yake ilikuwa ya ini na matembezi yalimchosha. "Wasio na vyeti hawaruhusiwi kutoka, wenye vyeti hawapiti. Baraza linajadili jambo hili mwaka wa arobaini sasa. Kuna wanaotaka kizingiti kipandishwe, na kuna wanaotaka ardhi ichimbwe. Mjumbe mmoja alishauri watu wapitishwe wamelala juu ya ubao, wakamkumbusha kwamba namna hiyo tayari inatumika, ila kwa wengine."

"Na wenye vyeti wanafanya nini miaka yote hiyo?"

"Wanatufundisha sisi kukua."

Siku ya nane, akijiambia apate cheti kwanza na mlango atauona baadaye, Siwema alijipeleka mbele ya Baraza na funzo la kubuni. Alisema Zawadi imemfundisha kuthamini kila pumzi. Alikuwa hajawahi kusema uongo mkubwa hivyo kwa sauti kubwa hivyo, na uso ulimsaliti. Bwana Shibiri aliuliza, "Pumzi ipi hasa?" Siwema akababaika. Funzo likakataliwa, akarudi bwenini na mistari minane ya chaki, amekasirika na kuona haya kwa pamoja.

Siku ya kumi aliitwa na Mwenyekiti wa Baraza, Bi Upeo. Huyu ndiye aliyekuwa mrefu kupita wote, mwenye vidole kumi na viwili vya mbao, na hakuwa ameshuka kwa miaka kumi na tisa. Hata usingizi alilala navyo.

"Nasikia wewe ni fundi," alisema kutoka huko juu. "Nataka gauni la sherehe, refu, lifunike kila kitu. Ukilimaliza kabla ya kikao cha siku ya kumi na tisa, funzo lako nitalitazama kwa jicho jema."

Siwema alikubali kabla hajamaliza kusikia. Kitambaa kililetwa, hariri ya rangi ya kunguru, pamoja na uzi na sindano za mkono, maana cherehani hapakuwa. Akakaa juu ya kitanda, akashika uzi, akaupeleka kwenye tundu la sindano. Ukapita kando. Akalamba ncha, akajaribu tena. Ukapita kando. Dawa za dripu zilikuwa zimezitia ganzi ncha za vidole vyake, na tangu zianze hakuwa amethubutu kujijaribu bila cherehani. Alijaribu tangu adhuhuri mpaka kivuli cha mlango kikafika kitandani. Mwalimu Mnzava, kitanda cha pili, alijifanya anasoma karatasi isiyo na maandishi.

Ndipo Siwema alipoanza kulia. Alilia kwa ajili ya vidole vyake, ambavyo ndivyo vilivyomlisha. Karani wa Machozi alitokea kana kwamba alikuwa uvunguni, akakohoa.

"Funzo?"

"Sina."

"Dogo tu, mama, machozi yanakauka."

"Sina funzo. Nina vidole vilivyokufa ganzi. Andika hivyo."

Karani aliandika, akatoka akitikisa kichwa. Siwema alijifuta machozi. Miaka thelathini hakuwa amemwomba mtu msaada. Kisha akanyoosha mkono wenye sindano kuelekea kitanda cha pili, uso ameugeuzia ukutani.

"Mwalimu. Nitilie uzi."

Mwalimu hakusema lolote la hekima, na kwa hilo Siwema alimshukuru moyoni. Alivaa miwani, akatia uzi, akafunga fundo. "Fundo lenyewe kubwa mno," alisema Siwema. "Shona," alijibu Mwalimu. Siku zilizofuata mmoja alitia uzi, mwingine akashona, nao wakazozana juu ya urefu wa uzi kama mke na mume.

Siku ya kumi na tano alikwenda kupima pindo. Bi Upeo alisimama nyuma ya pazia chumbani kwake, ameshika ukuta.

"Shuka, mama," alisema Siwema.

"Nini?"

"Pindo halipimwi mtu akiwa juu ya mbao. Mimi hupima mwili."

Bi Upeo alimtuma mtumishi wake nje, akahakikisha mlango umefungwa. Ilimchukua muda kufungua kamba. Aliposhuka, Siwema aliona mwanamke mfupi kuliko yeye, vifundo vya miguu vimefungwa bendeji za fundi wa viungo, ameushika mkono wake kwa nguvu kama mtoto anayeanza kutembea. Akakanyaga sakafu kwa unyayo mzima, akafumba macho.

"Ni baridi," alisema.

"Ni sakafu."

Wakakaa hivyo. Halafu Bi Upeo akasema kwa sauti ndogo, "Miaka kumi na tisa, fundi. Nimewafundisha watu mia tisa kwamba siogopi. Kila nikikohoa, najua imerudi."

"Mimi pia naogopa," alisema Siwema.

"Na wewe ulipata funzo gani?"

"Mpaka sasa, hakuna."

Bi Upeo alicheka, kicheko kilichoanza kama kikohozi kikamshtua mwenyewe. Siwema alipiga magoti, akatia alama ya chaki usawa wa vifundo vya miguu, pale penye bendeji. Akainua uso. "Nikate hapa? Ukivaa viatu vyako, wataona."

Mwenyekiti aliutazama mstari ule wa chaki kwa muda mrefu. "Mwili wangu unaishia hapo?"

"Hapo."

"Basi kata."

Siku ya kumi na tisa Baraza lilijaa. Bi Upeo aliingia amevaa gauni jipya, na chini yake, peupe kabisa, bendeji, kamba, na mbao kumi na mbili zinazotetemeka. Kwa kuwa hakuna sheria iliyoeleza la kufanya mtu akiona kitu kama hicho, wajumbe wote waliamua kutazama dari.

Siwema aliitwa. Bwana Shibiri aliuliza funzo lake.

"Nimeomba mtu anitilie uzi," alisema Siwema.

Walingoja. Alikuwa amemaliza.

"Zamani ulikuwa ukijitilia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na sasa unatiliwa." Bwana Shibiri aligeukia Baraza. "Waheshimiwa, huku si kukua. Mtu aliyekuwa akiweza, sasa hawezi: amepungua." Wakamsimamisha kwenye mwimo, wakapima. Dripu tatu na mgongo ulioinamia kazi vilikuwa vimefanya yao, na kichwa kilikuwa chini ya mstari wa mkaa kwa kidole kizima. Ikaandikwa kwamba mgeni Siwema amepungua, abaki nchini mpaka hapo atakapokua.

Siwema alihesabu siku zake. Mistari kumi na tisa ilikuwa ndani ya mkoba, nayo haikuwa na mahali pa kuongezeka ila miwili tu. Lakini Bwana Shibiri, kama walivyo makarani wote wanaoshinda, hakujua pa kuachia. "Na hata kazi yake imepungua," aliongeza, akanyooshea kidole kule ambako wote walikuwa wakikwepa kutazama. "Gauni la Mwenyekiti ni fupi."

Baraza likalipuka. Mjumbe mmoja alisema gauni si fupi, ila Mwenyekiti ndiye amekua tangu alipopimwa. Mwingine akauliza je, gauni lina wajibu wa kukua, na kama limekataa, lishitakiwe lenyewe au fundi wake. Bwana Shibiri alitoa hoja kwamba gauni lipewe muda wa miezi sita. Nyuma kabisa bibi mmoja wa vidole saba aliinama kidogo, akajikuna kifundo cha mguu, akaguna kwa raha. Mwalimu Mnzava aliinua mkono akaomba vipimo vipigiwe hesabu upya, kwa kusudi tu la kuchelewesha.

"Mwenyekiti atoe uamuzi," walisema mwishowe.

Bi Upeo alimtazama Siwema. Uso wake ulikuwa mkavu kama wa hakimu.

"Gauni ni fupi," alisema. "Linahitaji kuongezewa. Mwacheni fundi aende kwao akalete kitambaa."

"Hana cheti," alisema Bwana Shibiri.

"Haendi kama mtu aliyekua. Anatumwa. Aliyetumwa akiinama, sheria ya tisa haimhusu."

Mlangoni Mwalimu Mnzava alimpa kipande cha ile hariri, kimekunjwa. Ndani zilichomekwa sindano kumi na mbili, kila moja ina uzi.

"Twende wote," alisema Siwema. "Nitasema wewe ndiye mbebaji wa kitambaa."

"Mimi kule dripu zimekwisha, dada. Waliniambia nikapumzike. Hapa angalau nabishana." Alivua miwani akaifuta. "Na nina funzo la nne nataka kulipeleka. Linahusu fundo kubwa."

Siwema alimkumbatia, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu tangu mama yake alipozikwa, akalia bila kuona haya. Karani wa Machozi alikuwa njiani anakuja, lakini kwa mitalawanda hafiki upesi. Askari akasogea. Siwema akainama, akapita.

Alijikuta kwake Muheza, cherehani imefunikwa vilevile alivyoiacha, kalenda inasema zimebaki siku mbili. Kulikuwa na sare ya mtoto inayosubiri vifungo. Akatoa sindano za Mwalimu, akafanya kazi polepole, na kila uzi ulipokwisha akachukua sindano nyingine. Ya kumi na mbili ilipokwisha palikuwa pamebaki kifungo kimoja. Akaketi nacho kiganjani. Kisha akaita kupitia ua.

"Mwanahija."

"Abee, dada."

"Njoo unitilie uzi."

Upande wa pili wa ua pakasikika sufuria inatuliwa chini, kisha ndara zinakuja mbio. Mwanahija alisimama mlangoni, mikono ina unga, akatazama sindano iliyonyooshwa kwake kama mtu anayepewa mtoto mchanga ambebe. Alijifuta kwenye kanga, akatia uzi mara ya kwanza tu. Hakuirudisha sindano.

"Dada, vitambaa vyenyewe viko wapi?"

"Hakuna vitambaa. Nina saratani. Nimepigwa dripu tatu, kesho kutwa ya nne. Naogopa, Mwanahija. Nataka twende wote."

"Nilijua," alisema Mwanahija. "Sikujua jina lake, lakini nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie."

Walilia mpaka chakula kikaungua jikoni, jirani wa nyumba ya tatu akasikia harufu, na hakuna aliyeulizwa funzo.

Siku ya dripu Mwanahija alibeba mkoba. Alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, maana miaka hiyo yote alikuwa akishona kwa siri, na pindo lake lilikuwa limepinda upande wa kushoto. Siwema aliliona tangu walipofunga mlango. Akaliona njia nzima, akautazama uso wa mdogo wake, akaushika mkono wake, akajing'ata ulimi. Alinyamaza mpaka walipofika kwenye geti la hospitali. Hapo alishindwa, akamwambia pindo limepinda.